Kiatu Sikioni

Juzi redio ya jirani ilitaja ile ajali ya feri ya Mtongwe, kwetu Mombasa. Ilikuwa tarehe 29 Aprili, na kila mwaka tarehe hiyo hakosi mtangazaji mmoja wa kukumbuka. Hushusha sauti, akasema maneno mawili ya huzuni, kisha akarudi kwenye matangazo ya sabuni. Mimi nilikuwa nakanda unga wa mahamri. Bi Maswali alikuwa mezani na madaftari yake, na nilijua yatakayokuja kabla hajainua kichwa.

"Mama, babu alikuwamo?"

"Hakuwamo."

"Si alikuwa akikaa Mtongwe?"

"Ndiko alikokuwa akikaa."

"Na akivuka kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Sasa siku hiyo mbona hakuwamo?"

"Kwa sababu ya kiatu."

"Kiatu kilifanya nini?"

"Sijui."

Akaweka kalamu chini. "Hujui, au hutaki kuniambia?"

Sijui, jamani. Na huku kutojua kwangu kuna kisa chake, tena si kisa cha kunipamba.

Mnaomjua baba kwa hadithi zake nilizowahi kuwasimulia, ile ya friji na ile ya mbuzi wa jirani, mwadhani alikuwa mtu wa maneno mengi. Wapi! Hadithi ya friji ilimchukua miaka mitatu kuimaliza. Alikuwa karani bandarini, kazi yake kusimama na kalamu akihesabu magunia na makasha yakishushwa melini, na hata maneno yake aliyatoa hivyo hivyo, moja moja, kama kwamba kuna mtu atayahesabu upya jioni na lazima yatimie.

Mwaka 1994 mimi nilikuwa na miaka tisa, nakaa Majengo kwa nyanya kwa ajili ya shule. Baba, mama na mdogo wangu wa miaka miwili walikuwa ng'ambo. Ile Ijumaa asubuhi feri ikaondoka Mtongwe na watu wa kazini, wa vibarua na wa sokoni, ikapinduka kabla haijaenda mbali, na watu 272 wakafa. Siku tatu baadaye baba akatokea mlangoni kwa nyanya, amepitia Likoni, mzima. Aliomba maji. Mwezi haukuisha tukawa sote Majengo, na kutoka hapo feri hakuipanda tena. Kukiwa na harusi Ukunda, baba ana tumbo. Kukiwa na matanga Likoni, tumbo ni lile lile.

Kitu kimoja nilikiona utoto wangu wote nisikiulize. Viatu vyake vya kazi, vyeusi vya kamba, alivifunga pamoja, kamba kwa kamba, akavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilidhani ndivyo wafanyavyo baba wote wa dunia.

Sasa njooni kwenye ule usiku. Ramadhani ya mwaka 2008, baada ya tarawehe, stima zimepotea mtaa mzima. Joto lile mnalijua, la kukufukuza nyumbani mwako. Tukatoka barazani: baba, mdogo wangu, mimi, na ami wa kahawa ambaye kila usiku alilitua dele lake mbele ya mlango wetu, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, baraza letu lilikuwa na upepo. (Halikuwa na upepo. Lilikuwa na baba.) Katika giza lile huoni mtu. Unaona wekundu wa makaa chini ya dele, na ukisikia finjani zikigongana ting'ting' unajua mkono wa ami uko wapi. Harufu ya tangawizi ilikuwa kali hadi puani. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya hoteli Nyali miezi miwili nyuma, na mdomo wangu wakati ule, Mungu anisamehe, haukuwa na mlango.

Mdogo wangu akataka kwenda dukani. Akapapasa chini, akalalama, "Ndara moja hii hapa, nyengine siioni."

"Hivyo hivyo," baba akasema.

Hakuna aliyemjibu. Tulidhani anaongea na finjani yake.

"Hivyo hivyo mimi, siku ile ya Mtongwe."

Miaka kumi na minne, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Mdogo wangu akaacha kupapasa. Hata ami aliacha kuzigonga finjani.

"Kimoja nimekivaa," baba akaendelea. "Nimekifunga na kamba. Nimesimama hivi, mguu mmoja na kiatu, mmoja na soksi. Cha pili sikioni."

Hapa ndipo ninapoomba dunia irudishwe nyuma nukta moja tu. Maana neno lilikuwa tamu mno, nami neno tamu likipita mbele yangu silikosi.

"Sikioni?" nikasema. "Lo, baba! Kiatu kikaingia sikioni!"

Tukacheka. Mdogo wangu alipiga paja lake. Kuna wapita njia wawili hata sikuwaona, nao wakacheka kutoka gizani. Baba mwenyewe alicheka, nilimsikia akitoa pumzi kwa pua, maana na yeye mchezo wa maneno aliupenda. Ami wa kahawa peke yake hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeisogeza mashua majini kwa kidole:

"Enhe?"

Na baba akarudi. Nasema hili kwa sababu watu hunifariji kwamba mzaha ule ndio ulioharibu. Haukuharibu. Alirudi. "Basi nikainama," akasema, "nikatazama chini ya kitanda..."

Nikaona haya ya ule mzaha, nami haya zikinishika hunena zaidi. Nilitaka baba ajue kwamba sikuwa nafanya utani na jambo zito, kwamba nalijua uzito wake. Nikamwambia kuwa ndiyo, ilikuwa Ijumaa, tarehe 29. Nikamwambia watu walikuwa 272. Nikamwambia chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi, nilisoma gazetini. Nilimweleza mtu wa Mtongwe habari za Mtongwe, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kumeza mate. Yeye ambaye majirani wa ukuta kwa ukuta walimtoka asubuhi moja, mimi namsomea jumla.

Nilipomaliza nilisikia finjani ikiwekwa juu ya jiwe la baraza.

"Ewaa," akasema. "Basi kumbe wajua."

Hakukasirika, ningemjua. Alisema kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali, akafika mlangoni akaambiwa bwana, gunia la leo limeshapokewa. Akaomba kahawa nyengine. Mara stima zikarudi, mtaa mzima ukapiga ile "Eeeee!" yetu, na sisi vijana tukakimbilia ndani kwenye televisheni. Sikumbuki tulitazama nini.

Nilijaribu tena mara mbili. Mara ya kwanza, siku ya Idi, nikamuuliza, "Baba, ile ya kiatu iliishaje?" Akaniuliza, "Kiatu gani?" Mara ya pili akatabasamu. "Si uliisoma gazetini, mwanangu?"

Mwaka 2011 hoteli ikatupeleka mafunzo ya siku mbili, kusikiliza wateja. Mkufunzi wetu alitoka Nairobi, mtu mzuri, tena aliyejua kazi yake. Akatufundisha: mtazame msemaji usoni, tikisa kichwa, usimkatize, kisha umrudishie maneno yake kwa maneno yako ili ajue umemwelewa. Alisema Wamarekani wawili, Carl Rogers na Richard Farson, ndio waliolipa jambo hilo jina lake huko Chicago mwaka 1957. Niliandika kila kitu. Lakini nilikuwa nikimfikiria nyanya, ambaye Chicago hakuisikia, lakini akisema "Paukwa" nawe usiseme "Pakawa", hadithi haianzi. Na katikati ukiacha kumwitikia hakukugombeza. Alinyamaza tu, akakufunika shuka, na mwisho wa sungura hukuujua mpaka kesho.

Nikaenda kwa baba na mafunzo yangu. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, macho kwa macho. Akasema amechoka na joto. Nikasema, "Kwa hivyo, baba, wasema joto limekuchosha."

Akanitazama muda.

"Una nini leo?" akasema. "Wanihoji kama polisi."

Kwa wateja lakini yalifaa, sitayasema vibaya. Mgeni aliyepotezewa begi lake ukimrudishia maneno yake anapoa nusu. Kwa baba hayakuingia. Mzee wa kwetu akikueleza jambo zito hukai ukamkodolea macho, ni utovu wa adabu, na barazani watu hukaa ubavu kwa ubavu wote wakitazama njia. Labda ndiyo maana maneno hutoka. Labda. Ami wa kahawa hakumtazama baba hata siku moja, alikuwa na makaa yake ya kutazama.

Baba akafariki mwaka 2015. Mama alikuwa ametutangulia zamani, hata kabla ya ule usiku wa barazani. Siku ya hitima ami akaja na dele lake, akawamiminia watu kahawa tangu asubuhi, na hela hakuzipokea. Watu walipopungua nikaenda kukaa kando yake, ubavu kwa ubavu, nimejifunza.

"Ami, ile ya kiatu. Aliwahi kukumalizia?"

"Alinimalizia."

"Lini?"

"Usiku ule ule," akasema. "Nyinyi mlipoingia ndani kwa stima."

Yaani nilikuwa nyuma ya ukuta. Dirisha liko wazi, baba anasimulia hatua tatu kutoka niliko, na mimi nina televisheni. Ami akasuuza finjani, akaikung'uta. "Alinambia alipoinama pale chini ya kitanda," akaanza, "mama yako alikuwa—"

"Ndiye aliyekificha!" nikasema. "Mama ndiye aliyekificha, sivyo? Alikuwa na moyo mzito asubuhi ile, akakificha ili asiende. Siku zote nimehisi hivyo."

Siku zote gani? Wazo lile lilikuwa na umri wa nukta mbili.

Ami aliitazama finjani yake muda mrefu, akaijaza, akanipa.

"Huenda," akasema. "Wewe ndiwe mwana."

Nimemrudia mara tatu baada ya hapo kabla hajahama kurudi kwao Lamu. Kila mara alinipa kisa, na kila mara mama alikificha kiatu, na kila mara moyo wake ulikuwa mzito. Mara ya tatu alitumia hadi maneno yangu. Sikujua kama ananithibitishia, au ni mtu mzima anayemhurumia mfiwa, akimpa kile alichokuja nacho mwenyewe. Kama baba alisema jambo jengine kabisa usiku ule, basi mimi ndimi niliyelifuta, nalo limekwenda Lamu.

Mdogo wangu ana lake. Anasema yeye ndiye aliyekichukua, alikuwa na miaka miwili na kila kitu akikitia pipani, kwa hivyo anaidai familia nzima shukrani, tena alipwe kwa pesa taslimu. Hutuchekesha kila Idi. Na ikiwa ni kweli?

Basi nikamweleza Bi Maswali yote haya, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza nyinyi. Akafikiri.

"Mimi najua kiatu kilikuwa wapi," akasema. Akaanza. Alfajiri ilikuwa na mvua. Kulikuwa na paka. Paka huyu alikuwa na watoto wanne na alikuwa akitafuta pahali pakavu, na kiatu cha babu kilikuwa na harufu nzuri ya ngozi. Mimi mikono iko kwenye unga. Paka nyumbani mwetu hatukuwa naye, mama alikuwa akiwaogopa, na aprili ile sikumbuki mvua. Nilikuwa na hayo yote kwenye ncha ya ulimi, nikayameza na mate.

"Enhe," nikasema.

Akasimama. "Hiyo enhe ya kweli, au ile ya ukiwa kwenye simu?"

"Ya kweli."

"Haya, paka ni wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Nimesema kijivu, mama."

Nikanawa mikono, nikafunika unga, nikaja kukaa kando yake kwenye benchi, sote tukitazama mlango. Akashusha pumzi ya mtu aliyeonewa, akaanza upya tangu kwenye mvua.