Jani Linalojitoa na Anayelirejeshea

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kutoka Mbeya. Neno letu la juma hili ni Wagalatia 6:2, “Mchukuliane mizigo,” nami naomba tulitafakari kwa kuyatazama majani ya chai ya Rungwe na Mufindi katika miezi hii ya Juni na Julai, ambapo baridi ya usiku hufuatwa na jua kali la asubuhi.

Jani huishi kwa nuru. Lakini baridi inapopunguza kasi ya kutengeneza sukari, nuru huendelea kupokelewa, na ile inayozidi husababisha oksijeni iliyomo katika kloroplasti, yaani vyumba vidogo vya kijani ambamo jani hutengeneza sukari, kugeuka kuwa supaoksidi na peroksidi ya hidrojeni, aina mbili za oksijeni zenye ukali, ambazo zikilimbikizana huharibu utando wa seli, protini na hata vinasaba. Hatari hii huzaliwa ndani ya kazi njema yenyewe, jambo ambalo kila anayetumika kanisani kwa bidii analifahamu.

Ulinzi nao umewekwa humo humo. Karotenoidi, zile rangi za manjano zinazofunikwa na ukijani, huitoa sehemu ya nuru ya ziada kwa njia ya joto. Kimeng’enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, ambacho wanasayansi McCord na Fridovich walikitambua mwaka 1969, nacho kimo pia katika mimea, huigeuza supaoksidi kuwa peroksidi ya hidrojeni. Kisha vitamini C hutoa elektroni zake ili peroksidi hiyo iwe maji, na kwa kutoa hivyo huishiwa uwezo wake. Ndipo glutathioni, kinga nyingine iliyomo katika seli, huirejeshea, na glutathioni nayo hurejeshewa kwa nguvu itokanayo na nuru ile ile.

Hapa ndipo moyo wangu umekaa juma zima. Sisi tunaye mama anayewatembelea wagonjwa na mzee anayewafariji wafiwa, tunawashukuru, kisha tunawatuma tena, na ni mara chache tunauliza nani amewarejeshea walichotoa.

Tena seli haiondoi peroksidi yote, kwa kuwa kiasi kidogo hupeleka habari ya hatari, na kwa habari hiyo walinzi huongezwa mapema. Uchovu nao ni habari ya namna hiyo; kwa hiyo ndugu akisema amechoka, tusimhesabie kuwa amepungukiwa imani.

Jumatano, katika maombi ya jumuiya, kila nyumba ije na jina la mtumishi mmoja itakayembeba mwezi huu kwa sala, kwa chakula na kwa kumpokea zamu yake, na tuwakumbuke pia wakulima wa viazi wa Makete na Njombe ambao mashamba yao yako katika hatari ya sakitu, ile baridi inayogandisha umande.