Siku moja maishani mwangu: kuusaka mwale usioonekana

Saa 11 alfajiri. Mama amepiga simu kutoka Tanga, kwake ni alasiri. "Macho yako mazima, mwanangu?" Mazima, mama. Nakunywa chai garini, jangwa la Mojave, California, likiwa bado na baridi, huku nikipitia ramani ya uwanja wa shabaha. Leo kikosi cha jeshi kinafanya mazoezi na leza ya kuelekezea mabomu, yenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanometa 1064, na kazi yangu ni kuhakikisha haimdhuru mtu macho. Mwale huo hauonekani, kwa hiyo jicho halijui lifumbe lini. Lenzi ya jicho huukusanya hadi ukali wake kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, uzidi takriban mara laki moja, na retina haisikii maumivu. Mtu huungua, akaja kushtuka baadaye kuona doa katikati ya kila anachokitazama.

Saa 12:30. Narudia hesabu za jana. Leza hii yaweza kudhuru jicho tupu kilomita nyingi, na anayetazama kwa darubini huwa hatarini mbali zaidi. Basi nauliza: mwale ukiikosa shabaha, utagota wapi? Lazima nyuma kuwe na kilima. Halafu naongeza nafasi ya kuyumba, miliradiani 5 (kipimo cha pembe; moja ni mita moja kwa kila kilomita): shabaha iko kilomita 3, kwa hiyo ni mita 15 kila upande.

Saa 2 asubuhi. Natembea hadi kwenye shabaha, na hatua hii siiruki kamwe, hata ramani iwe nzuri vipi. Kifaru kikuukuu kimejaa kutu. Kutu haina neno, hutawanya mwanga. Hatari ni kitu bapa kinachong'aa: bati jipya, dimbwi lililotulia, kioo. Kando ya gari bovu nakuta kipande cha kioo cha mbele, ukubwa wa sinia, kimeegemea jiwe. Nachuchumaa mbele yake, kisogo kikielekea itakakokaa leza, natazama. Ndani ya kioo naona mnara wa waangalizi, ngazi zake zote. Mwale ungefuata njia hiyohiyo ya macho yangu, na mnarani watu hushinda na darubini usoni. Nakiviringisha kwenye gunia. Mikono inanitetemeka kidogo.

Saa 4. Miwani ya kinga. Sajini mmoja amevaa ya kuzuia leza ya kijani, nanometa 532, siyo yetu ya 1064. Namwambia aivue, naye anauliza:
"Si miwani ya leza hii?"
"Soma namba iliyoandikwa kwenye kioo chake."
Anasoma, anaivua bila ubishi.

Saa 5 hadi 9 alasiri. Mazoezi. Tulisimamisha mara moja, helikopta iliposogea karibu na mpaka wetu. Itifaki ya kimataifa ya mwaka 1995 inakataza silaha za leza zilizobuniwa kumpofusha adui. Sitakubali askari apofushwe na mwenzake mazoezini.

Saa 11 jioni. Betri zimetolewa, leza zimehesabiwa. Kwenye ripoti nimeandika lile gari bovu lisilengwe mpaka vioo vyake vyote vitolewe. Kesho alfajiri naenda kuvitoa, na nyundo nimeshaiweka garini.