Namna nilivyoandika riwaya ya vijana bila kuwaoza Gwamaka na Subilaga

Riwaya yangu ya vijana imepita kwa mhariri ikiwa na kile nilichokipigania tangu ukurasa wa kwanza. Gwamaka na Subilaga, wanafunzi wa kidato cha tatu katika kijiji cha milimani nje ya Tukuyu, wanaanza wakiwa marafiki na wanamaliza wakiwa marafiki. Hakuna aliyemtamkia mwenzake mapenzi, hakuna aliyeyaficha moyoni, na sura ya mwisho haina harusi. Nayasema haya kwa fahari, kwa sababu karibu kila niliyemwomba ushauri hapa Mbeya aliniambia kwamba haiwezekani, na ushauri wenyewe ulikuwa mbaya kiasi kwamba nimeona niueleze ili mwandishi mwingine asiupokee.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mwenzangu wa Kiswahili. "Mwalimu, wafanye watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, kesi imekwisha." Kesi haikwishi hapo, inafutwa tu. Ndugu hawahitaji kuelezwa kwa nini wanatembea pamoja kutoka shuleni, na msichana anayesoma kitabu changu hapati msaada wowote kuhusu mvulana anayeketi naye dawati moja ambaye si ndugu yake kwa baba wala kwa mama.

Wa pili alitaka kila mmoja nimpe mpenzi wake pembeni, ili msomaji atulie. Alinitajia Harry Potter, ambamo Harry na Hermione wanabaki marafiki hadi kitabu cha saba, na mwishoni Hermione anaolewa na Ron, na Harry anamwoa Ginny. Ni kweli, lakini wale wamepewa miaka mingi na vitabu saba vilivyotoka kati ya mwaka 1997 na 2007. Katika riwaya yangu ya kurasa mia na kitu, mpenzi wa pembeni angekuwa mlinzi wa getini tu, aliyewekwa ili kumhakikishia msomaji kwamba ndani hakuna wizi. Sikuona kwa nini urafiki uhitaji kulindwa na mapenzi.

Wa tatu alisema nimuue mmoja. Huyu alikuwa amesoma Bridge to Terabithia ya Katherine Paterson, kitabu cha Kimarekani cha mwaka 1977, ambamo Jess na Leslie wanapendana kama marafiki, kisha Leslie anakufa. Nilimjibu kwamba Paterson hakukitumia kifo kukwepa swali. Mwanawe David alikuwa na rafiki wa kike aliyeitwa Lisa Hill, na mtoto yule aliuawa na radi mwaka 1974. Mama aliandika ili yeye na mwanawe waweze kuubeba msiba huo. Kuchukua kilio cha watu na kukigeuza mbinu ya kumalizia hadithi ni jambo ambalo nafsi yangu ilikataa kabisa.

Wazazi wenye hofu, kwa upande mwingine, sikuwapuuza. Anayempa ujauzito mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, na hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza ruhusa ya kurudi, msichana aliyepata ujauzito alikuwa akipoteza nafasi yake katika shule za serikali. Fasihi yetu nayo imeijua hofu hiyo kwa muda mrefu: katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kwa hiyo baba wa Subilaga katika riwaya yangu si mtu mkali asiye na sababu. Anamwita Gwamaka uani, anamkaribisha kigoda, kisha anamwambia kwa sauti ya chini, "Miaka 30, mwanangu. Ukitoka utanikuta nimezeeka au nimekufa." Naipenda sana sura hiyo kwa sababu kila mmoja ana haki yake.

Jambo la msingi lilikuwa kuwapa kazi. Niliwapa kitalu cha miche ya parachichi, kwa sababu Rungwe na Njombe kila kijana amewahi kushika mche, na kwa sababu kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mche mwingine, ni kazi inayokwenda vizuri zaidi kwa mikono minne. Mbegu ya kienyeji inaoteshwa kwenye kiriba, kifuko cha plastiki chenye udongo, shina likifikia unene wa penseli linakatwa na kupasuliwa katikati, kikonyo cha Hass, aina ya parachichi ya kisasa, kinachongwa kama kabari na kuingizwa, kisha panafungwa kwa utepe wa nailoni. Ganda la kikonyo lisipokutana na ganda la shina, walau upande mmoja, mche umekufa hata kama haujaonyesha bado. Wawili hawa wameahidi miche 200 kwa mkulima aliyekwisha kuwalipa malipo ya awali, na fedha hiyo wameshaitumia kwenye michango ya shule. Hapo urafiki unakuwa na deni, ratiba na lawama, na msomaji anapata kitu cha kuhofia ambacho si busu.

Hata hivyo kazi peke yake haikutosha, na hapa ndipo nilipobuni mbinu ninayojivunia kuliko yote. Kiswahili chetu, ukiacha kuoa na kuolewa, hakimfichui mtu kwa kitenzi: alikuja, alicheka, alimshika mkono, husemwa vilevile kwa mvulana na kwa msichana. Nilirudufu sura nne za mwanzo, nikafuta majina ya Subilaga na Gwamaka, nikaweka Tumaini na Furaha, majina ambayo huitwa wavulana na wasichana vilevile. Nikaondoa gauni, suruali, "kaka" na "dada". Kisha nikapeleka nakala kwa vijana wa kwaya ya kanisani kwetu Uyole, wavulana na wasichana, ambao husubiri mazoezi Jumamosi mchana bila kazi ya kufanya. Stationeri ilinigharimu kama elfu ishirini na kitu, pamoja na penseli na soda za shukrani.

Niliwaomba mambo mawili. Kwanza, waniambie nani mvulana na nani msichana. Pili, wapige mstari wa penseli pembeni popote wanapohisi kwamba mapenzi yanakuja.

Swali la kwanza walilijibu kabla ya kumaliza ukurasa wa pili, na wote walijibu sawasawa. Tumaini alikuwa na macho, shingo, mwendo na sauti; Furaha alikuwa na kisu, jembe na maoni. Nilikuwa nimefuata mazoea ya hadithi zetu nyingi, ambamo kila msichana anapotokea mlangoni msimulizi humpima kwa macho, na mvulana huingia bila sura. Hakuna urafiki unaoweza kusimama juu ya msingi huo, kwa sababu msimulizi mwenyewe ameshakuwa mchumba. Niliandika upya ili kila mmoja awe na mwili pale tu mwili unapofanya kazi: kidonda cha kidole, mgongo unaouma, baridi ya Juni inayofanya mikono isishike utepe vizuri.

Mistari ya penseli ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilitarajia kuikuta pale wanapokuwa peke yao kitaluni jioni, ukungu ukishuka kutoka mlimani. Pale hapakuwa na mstari hata mmoja. Mistari ilijazana mahali ambapo sentensi zangu zilipunguza mwendo: "wakatazamana", "akasita kidogo", "hakuna aliyesema neno". Kijana mmoja wa sauti ya nne alinieleza kwa heshima, "Mwalimu, hapa umenyamaza. Mwandishi akinyamaza, sisi tunajua kinachofuata."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo, nikapitia kila ukimya katika mswada na kuuliza huyu ananyamaza akiwaza nini hasa. Pale jibu lilipokuwa deni, niliandika deni. Pale jibu halikuwepo, niliukata ukimya. Mfano ni sehemu ya kubebesha mche wa kwanza, ambayo mwanzoni ilikuwa na sentensi hii: "Vidole vyao vikagusana juu ya utepe, wote wawili wakanyamaza." Sasa inasomeka hivi:

"Umekaza mno," alisema Subilaga. "Kikisinyaa, hicho ni chako."

"Changu vipi, na kisu butu umekileta wewe?"

"Kisu ni cha mama. Kamwambie yeye."

Gwamaka alifungua utepe, akaupanga upya, na safari hii Subilaga aliushika mche kwa mikono miwili hadi fundo likakaa.

Vidole bado vinagusana, maana ni vigumu watu wawili kufunga mche vinginevyo. Tofauti ni kwamba sasa msomaji anauangalia mche.

Nilirudisha nakala mpya, safari hii ya mswada mzima, kwa vijana walewale. Mistari ilipungua sana, lakini haikuisha, na msichana mmoja wa sauti ya kwanza alinipa sababu ambayo hakuna mwandishi aliyewahi kunipa. Alisema kwamba wanaendelea kungoja kwa sababu wahusika wenyewe hawajaulizana. Kijiji kizima kinauliza, baba anauliza, mwalimu wa malezi anauliza, lakini wao wawili wanapita pembeni ya swali kila mara, na anayepita pembeni ya swali ana jambo. Basi katikati ya kitabu, wakiwa wanamwagilia viriba, niliandika mistari michache tu. Subilaga anasema, "Watu wanasema tuna jambo. Wewe unalo?" Gwamaka anajibu, "Sina. Wewe?" "Sina. Sogeza ndoo." Baada ya ukurasa huo penseli zote zilikaa kimya hadi mwisho wa kitabu. Kwa hiyo ukiandika urafiki wa namna hii, usiliache swali nje ya mlango. Liingize mapema, lijibiwe kwa maneno ya kawaida, kazi iendelee. Na usiwaache wakanushe kwa ukali, kwa maana ukali nao ni mstari wa penseli.

Sehemu moja niliyokuwa karibu kuikata ni ya babu yake Gwamaka. Zamani Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya marika: wavulana wa miaka 10 au 11 hivi walitoka kwa wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakalala huko na kwenda kula kwa mama zao kwa makundi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na watu wetu miaka ya 1930, aliutungia mpangilio huo kitabu kizima kiitwacho Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Babu anamsimulia mjukuu wake utamu wa kukaa na wenzake, kushirikiana chakula na maongezi, na Subilaga, ambaye amekuja kuazima ndoo, anauliza, "Na wasichana walikuwa wapi, babu?" Babu anafikiri, kisha anajibu kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Mhariri aliona sura hiyo inachelewesha hadithi. Niliitetea kwa barua ndefu, nikaeleza kwamba bila babu msomaji atadhani urafiki wa dhati ni kitu kilichokuja na shule, wakati wazee wetu waliuheshimu kiasi cha kuujengea vijiji, ila waliwapa wavulana peke yao. Sura imebaki.

Vita vya mwisho vilikuwa vya jalada. Mchoraji alileta picha ya wawili wamesimama bega kwa bega wakitazama jua likizama, kana kwamba hakuwa ameambiwa kitu. Nikairudisha. Nikaambiwa picha kama hiyo ndiyo inayouzika, nami nikajibu kwamba atakayenunua kwa ajili ya jua lile atajiona ametapeliwa kufikia sura ya tatu. Mwishowe nilichangia kama elfu hamsini ya mchoro wa pili, na sasa jalada lina safu za viriba na migongo miwili iliyoinama, kila mmoja kwenye safu yake.

Sehemu ya pili nimeshaianza. Subilaga amepangiwa kidato cha tano Iringa, Gwamaka amebaki na kitalu, na vikonyo lazima vifike vikiwa vibichi, vimefungwa kwenye gazeti lenye unyevu na kukabidhiwa kondakta wa basi. Vijana wa kwaya wameshaomba nakala.