Mafua ya mtoto wa P2, kifua cha mtoto mchanga

Mtoto wa P2 (darasa la pili) akirudi nyumbani na RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa, utaona makamasi na kikohozi, na baada ya wiki moja au mbili ameshasahau. Mdogo wake wa miezi miwili anaweza kulazwa. Vijia vya hewa mapafuni mwake ni vyembamba mno. Vikivimba na kujaa makamasi, hewa inapita kwa shida. Jajja, yaani bibi au babu, mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu naye yumo hatarini, tena huenda asipate homa kabisa: anachoka, anasusa chakula au anachanganyikiwa.

Kwa hiyo anza na huyo wa P2. Akifika anawe mikono kwa sabuni, na akiwa na mafua asimbebe wala kumbusu mtoto mchanga. Shangazi aliyekuja kuona mtoto naye aambiwe hivyo hivyo, hata akinuna. Virusi hivi hukaa saa kadhaa kwenye meza na vitasa, basi vifutwe. Sigiri iwashwe nje, moshi usimfikie mtoto.

Pua ikiziba, mtoto hawezi kunyonya. Chemsha maji, pima mililita 240, tia chumvi nusu kijiko cha chai, kijiko bapa kisicho na kilima, yapoe. Weka matone mawili kila tundu kabla ya kunyonyesha, ngoja kidogo, vuta makamasi. Yaliyobaki yamwage siku hiyo hiyo. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi.

Usikimbilie amoksilini ya dukani. Antibiotiki haiui virusi. Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, inua nguo, tazama tumbo likipanda, na simu ihesabu dakika nzima. Sekunde 15 mara nne zinadanganya, maana mtoto mchanga hupumua haraka, akatulia, akaanza tena. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni kasi. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Hapo nenda kituo cha afya. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, akiguna kila pumzi, akikataa kunyonya au midomo ikigeuka bluu, twaa boda usiku huo huo. Siku ya 3 hadi ya 5 ya ugonjwa ndizo mbaya zaidi, kwa hiyo nafuu ya siku ya 2 isikudanganye.

Chanjo ya RSV ya mama mjamzito ipo, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kuanzia wiki ya 28. Uliza kliniki ya wajawazito kama imefika kwenu, na uliza mapema: kinga huhitaji kama wiki mbili kabla ya kujifungua ili imfikie mtoto.