Ilikufa lini?

Leo Alhamisi na bado maneno ya bwana mmoja tuliyekutana naye Nairobi yananizunguka kichwani, nimepiga pasi nguo za kazini nikiyasikia, nimekaa kwenye matatu nikiyasikia, sasa wacha niyaandike hapa huenda yakaniachilia.

Mnaonisoma siku zote mnajua mimi na baba mdogo tulipanga kwenda Nairobi kuona Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, na mnajua alivyokataa katakata kupanda treni ya SGR, alitaka twende na Peugeot 504 yake, ile wagon nyeupe ya safu tatu za viti aliyokuwa akibebea abiria Mombasa–Malindi tangu enzi za kuvuka Kilifi kwa feri, kabla daraja halijafunguliwa 1991. Basi tukaenda nayo. Karibu kilomita 480, malori yote yale ya bandarini mbele na nyuma, na mshale wa joto haukupanda hata kidogo, kuanzia Mariakani mpaka tunaingia Nairobi.

Nataja joto kwa sababu ndilo lililoleta yote. Injini yake ya asili, ile ya cc 1971, ilikuwa inachemsha. Bloku ya chuma, hedi ya alumini, ukiiacha ichemke mara kadhaa hedi inapinda na gasketi inaungua, na hedi ya baba mdogo ilishasuguliwa mpaka fundi akasema haina nyama tena ya kusugua. Vipuri navyo hapo kati vikawa vya kutafutwa kama dawa. Ndio akatia injini ya Toyota Hiace. Watu wanadhani ni kutoa hii na kutumbukiza ile, wapi! Shafti ya 504 inapita ndani ya bomba lililofungwa kutoka giaboksi mpaka difu, haitaki kuoana na giaboksi ya kigeni, ikabidi fundi wa Changamwe akereze kiungo cha chuma mwenyewe, wakakata maunti, wakachomelea, wakaijaribu, ikatetemeka gari nzima, wakakata upya. Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea chai kwa hivyo naijua kazi ile, ilikuwa kazi ya mafundi hasa.

Concours yenyewe ilinipendeza sana. Yale magari yamepangwa nyasini uwanja wa farasi, waandaaji ni klabu ya wenye Alfa Romeo, na majaji wako makini, wanatazama rangi, injini, viti, mpaka uvunguni mwa gari. Nilisimama mno kwenye Datsun 240Z, halafu nikaona Peugeot 404 yenye gia ya kwenye usukani na injini yake ya cc 1618 iliyolazwa ubavu, mwenyewe akaiwasha na baba mdogo akafumba macho asikilize. Yeye hakuandikisha gari yake kushindana, alisema amekuja kutazama tu, tukaegesha na wageni wengine.

Na huko kwenye maegesho ndiko yalikotokea. Tumerudi mchana tule mahamri yetu tukamkuta bwana mmoja, wa miaka hamsini na kitu hivi, anaizunguka 504. Kasalimia vizuri. Akaomba aone injini, baba mdogo akamfungulia boneti kwa furaha zote. Yule bwana akainama, akatazama, akakaa kimya, kisha akasema:

“Hii si Peugeot tena, mzee wangu. Hii ni Toyota imevishwa kanzu ya Peugeot.”

Baba mdogo alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Hakuinua sauti. “Basi niambie ilikufa lini,” akasema. “Mimi nimeiendesha siku zote, sikuona maziko.”

Yule akatikisa kichwa, akasema haya mzee, safari njema, akaenda zake.

Hivyo tu. Hakuna aliyetukanwa. Lakini jamani iliniuma! Njia nzima kurudi nilikuwa nautazama mkono wa baba mdogo kwenye usukani nijue kama imemuuma na yeye, hakusema kitu mpaka Mtito Andei na hapo alichosema ni kwamba chai ya pale imepungua ladha. Wiki imeenda, dadangu mdogo ameposwa rasmi juzi Jumanne na ofisini wametangaza kuna watakaohamishiwa Naivasha, na mimi kichwani ni kanzu, kanzu, kanzu.

Nimemjibu yule bwana mara nyingi sana usiku. Namwambia, hebu fikiria magari tunayoyaheshimu nchi hii. Peugeot 404 zilizoshinda rali ya Safari 1963, 1966, 1967 na 1968, mbili katika hizo wakiendesha kina Bert Shankland na Chris Rothwell waliotokea Tanzania, unadhani zilikimbia zile tope vile vile zilivyotoka dukani? Gari za rali zinaongezewa vyuma chini, springi, taa, matangi. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda 1965 na Volvo PV544 ambayo hata mpya haikuwa, ilishakimbizwa rali kabla yao. Na 504 yenyewe ilishinda 1975 na Ove Andersson. Hakuna anayesimama mbele ya gari kama hizo akaziuliza asili yao. Najua atanijibu kuongeza chuma ni kitu kimoja na kutoa injini ni kingine. Sawa, nakubali, na ndio maana nafurahi kuna mtu anaitunza ile 404 na injini yake, manake bila yeye tungejuaje sauti yake? Lakini aliye na gari ya kumlisha hawezi kuiweka gereji miaka akisubiri hedi kutoka Ufaransa. Baba mdogo alikuwa na watoto shule.

Sasa jana usiku, niko katikati ya kumjibu tena, nikakumbuka kitu. Nilikuwa naanzia kwenye boneti kila mara. Lakini boneti haikuwa mwanzo! Mwanzo yule bwana aliuliza, “Kile kiti cha nyuma kabisa bado kipo?” na baba mdogo akamfungulia mlango wa nyuma, na yule bwana akaingiza mwili nusu, akakibonyeza kiti kwa kiganja, polepole, akasema, “Huku ndiko tulikokuwa tunatupwa sisi watoto.” Na baba mdogo akamwambia, “Na ndiko mlikokuwa mnatapika wote.” Wakacheka! Walicheka wote wawili, yule bwana mpaka akavua miwani akafuta macho. Sijui vipi kicheko kile kilikuwa kimenitoka kabisa.

Kwa hivyo alikuja akitafuta gari ya kwao. Kiti alikikuta. Akataka na injini, ile aliyokuwa akiisikia amelala nyuma kule, na hiyo hakuikuta.

Nilikaa kitandani nikafurahi peke yangu, wallahi. Asubuhi nikampigia baba mdogo nikamuuliza, unamkumbuka yule bwana wa kanzu? Akasema, “Yule wa kiti? Namkumbuka. Mtu mzuri. Ningekuwa na namba yake ningempa kabureta ile ya zamani, iko uvunguni imelala bure.” Yaani muda wote huo mimi ndiye nilikuwa nimebeba uchungu ambao mwenyewe hakuushika hata dakika moja. Na bado nasema lile neno halikuwa zuri kumwambia mzee aliyeitoa gari yake Mombasa mpaka Nairobi bila kusimama kuongeza maji. Yote mawili nayashika.

Maji, enhe. Mfereji hapa mtaani umekauka tangu Jumamosi, ya mkokoteni yanapanda bei kila siku na mitungi mingine ina chumvi ya kisima, na Ijumaa ijayo watu wa upande wa mume wanakuja kuleta mahari, wanawake wasiopungua thelathini, mapishi, vyombo, choo. Mama anajifanya hana wasiwasi lakini nimemwona anahesabu madumu. Mwenye kujua boza inayokubali kuingia vichochoro vya Majengo, tafadhali aniandikie leo leo.