Gunia langu lina uzi mwekundu

Tuko akina mama watano, tunaanika dagaa na kuuza pamoja pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Mimi naanika kwenye kichanja, nageuza, naokota uchafu mmoja mmoja. Wawili wetu walikuwa wakianika mchangani. Siku ya kuuza tunachanganya, bei moja, tunagawana sawa. Nilinung'unika moyoni miezi mingi, mwisho nikaamua kujitoa.

Wiki hiyohiyo mtoto akashikwa na homa, nikakimbia naye hospitali. Mvua ya ziwani ikashuka ghafla, mnaijua. Narudi nakuta dagaa wangu wameanuliwa, wamefunikwa turubai. Wa wale wawili wa mchangani nusu wamelowa. Mmoja akaniuliza tu, "Dada, mtoto anaendeleaje?" Nililia palepale.

Sikujitoa, ila nilisema yote yaliyokuwa moyoni. Sasa turubai na gari la mzigo ni vya wote, hasara ya mvua tunaibeba wote. Lakini kila gunia linashonwa kwa uzi wa mwenyewe na linauzwa kwa bei yake.

Wiki hii kuna mbalamwezi, dagaa ni wachache. Tunagongelea vichanja vya wale wawili.