Hagi wa Brescia

Ndugu zangu, kila nikisema naishi Constanța, Romania, mtu wa rika langu anadakia, "Aah, kwa Hagi!" Ndiyo, kwa Hagi. Gheorghe Hagi, nyota wa soka wa Romania, alizaliwa tarehe 5 Februari 1965 katika kijiji cha Săcele, mkoa huu huu, na mpira wa ligi aliuanzia Farul, timu ya mji huu wa bandari. Ila wanaomsimulia huruka kutoka Real Madrid hadi Barcelona, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Katikati palikuwa na Brescia ya Italia, na kwangu mimi mhamiaji hiyo ndiyo miaka yake mizito kuliko yote.

Kutoka nje kwenyewe kulikuwa shughuli. Mwaka 1987 Steaua, timu ya jeshi, ilimchukua kutoka Sportul Studențesc kwa ajili ya mechi moja tu, Super Cup ya Ulaya dhidi ya Dynamo Kyiv. Akafunga bao pekee kwa frikiki, na Steaua hawakumrudisha tena. Klabu kubwa za nje zilimtaka, lakini chini ya Ceaușescu, dikteta wa Romania, mchezaji hakuwa na uhuru wa kujiondokea. Utawala ukaanguka Desemba 1989, na mwaka uliofuata Hagi akatua Madrid.

Alikaa misimu miwili bila ubingwa wa ligi. Siku ya mwisho ya msimu wa 1992 Real walikuwa mbele 2-0 ugenini kwa Tenerife, bao la pili likiwa la Hagi. Wakageuziwa kibao, wakalala 3-2, na kombe likaenda Barcelona.

Ndipo akaenda Brescia, timu ndogo ya kaskazini mwa Italia iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Kocha alikuwa Mircea Lucescu, Mromania mwenzake, yule yule aliyempa jezi ya taifa akiwa na miaka 18. Walikuwepo pia Waromania wengine, Răducioiu, Sabău na Mateuț. Sisi tulio nje tunaujua mpango huo vizuri: mmoja akishika pazuri anawavuta wenzake, na unakwenda hata kama mji hauna jina, kwa sababu kuna mtu anayekuelewa. Msimu wa kwanza uliishia kwenye mechi ya mchujo na Udinese. Wakapoteza, wakashuka. Hagi alibaki. Mchezaji aliyetoka Madrid akacheza daraja la pili mwaka mzima, na mwaka 1994 timu ikarudi juu.

Mimi nilihama kutoka jiji kubwa la Ulaya magharibi kuja huku. Shangazi yangu alipopata habari alinipigia simu: "Mwanangu, kwani wamekufukuza?" Simlaumu, kwa sababu nyumbani tunapima maisha ya mtu kwa jina la mji anaokaa. Nilimweleza kuwa huku kazi ni nzuri na nalala vizuri. Alinyamaza, kisha akasema ataniombea.

Sasa angalieni kilichofuata. Hagi alitoka Serie B, hilo daraja la pili la Italia, moja kwa moja kwenda Kombe la Dunia Marekani, akiwa nahodha. Tarehe 18 Juni 1994, uwanja wa Rose Bowl, walikutana na Kolombia, timu iliyokuwa imeichapa Argentina 5-0 huko Buenos Aires na wengi wakiipa kombe. Huku ilikuwa usiku wa manane. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi ghalani huonyesha bao lile kwa mkono kila likitajwa. Hagi yuko pembeni kushoto, karibu na mstari, mbali sana na goli. Kila mtu anasubiri krosi. Ananyanyua macho mara moja, anamwona kipa Óscar Córdoba amesogea mbele, na mguu wa kushoto unaupeleka mpira juu, unamvuka kipa na kushukia nguzo ya mbali. Mzee hufuatisha njia ya mpira kwa kidole mpaka juu ya rafu za mwisho za ghala. Romania ilishinda 3-1. Baadaye ikaitoa Argentina 3-2, Hagi akifunga la tatu, kabla ya Uswidi kuwatoa kwa penalti katika robo fainali.

Ndipo Barcelona ya kocha Cruyff ikamchukua. Huko hakung'ara sana, na mwaka 1996 alipokwenda Galatasaray akiwa na miaka 31, wengi walijua anakwenda kumalizia. Alichukua ubingwa wa Uturuki mara nne mfululizo na Kombe la UEFA la mwaka 2000 mbele ya Arsenal. Fainali hiyo alitolewa kwa kadi nyekundu katika muda wa nyongeza, na wenzake wakaimaliza kwa penalti.

Mwaka 2009 alianzisha akademi yake hapa jirani, mji mdogo wa Ovidiu. Nimesimama pale asubuhi ya baridi, upepo wa Bahari Nyeusi ukikata masikio, nikaona kocha akisimamisha mazoezi kwa sababu mtoto mmoja amepokea mpira kabla ya kutazama nyuma yake. Wakarudia mpaka akatazama. Timu ya akademi hiyo, Viitorul, ilikuwa bingwa wa Romania mwaka 2017, Hagi mwenyewe akiwa kocha. Mwaka 2021 iliungana na Farul, na 2023 ubingwa ukaja tena.

Mwanawe Ianis alipita humo humo, na mwaka 2019 alijiunga na Genk ya Ubelgiji, akamkuta Mbwana Samatta wetu. Januari 2020 Samatta akaenda Aston Villa na nchi nzima ikawa inatazama ligi ya Uingereza. Alipohamia Fenerbahçe miezi michache baadaye, vijiweni ikawa "ameisha huyo". Mwaka 2024 alichukua ubingwa wa Ugiriki akiwa na PAOK. Ni wangapi kwetu walijua, achilia mbali kumpongeza?